Mjomba Wistin Ashika Mwiko

Jumapili ya kwanza Mjomba Wistin alipojitokeza kwenye foleni ya tanuri na sinia la viazi alilolipanga mwenyewe, wanawake walimpisha kama watu wanavyopisha jeneza. Si kwamba hawakumzoea pale. Mjomba alikuwa mbebaji wa sinia tangu yeye na Shangazi Liberata walipooana. Kila Jumapili baada ya misa shangazi anafunika chakula kwa kitambaa, mjomba anakibeba hadi kwa Grezzju mwokaji, anapewa kibati chenye namba, kibati mwenzake kinachomekwa kwenye viazi, kisha anakwenda baa kungoja viive. Kazi yake ilikuwa miguu na mikono. Kilichokuwa chini ya kitambaa hakikumhusu, kama vile tarishi asivyohusika na yaliyomo ndani ya bahasha.

Siku hiyo kitambaa chenyewe kilikuwa taulo la kufutia mikono. Grezzju akainua ncha yake, akachungulia, akaishusha taratibu.

"Wistin," akasema, "hivi ni viazi au mawe ya kujengea ukuta?"

"Viazi."

"Umevikata kwa shoka?"

"We choma tu. Kazi yako moto."

"Moto wangu haufanyi miujiza. Maji umetia?"

"Maji ya nini?"

Nyuma yake alikuwa Ċetta, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke anayejua nyumba yako ina chumvi kiasi gani kuliko wewe mwenyewe. Akacheka kwa pua.

"Viazi vya tanuri bila maji, bila kitunguu, bila mbegu hata moja ya shamari. Wistin baba, mwenzio akiviona hivi atapona kwa hasira."

"Ndicho ninachokitaka," mjomba akasema.

Kicheko kikakatika. Kila mtu kwenye foleni ile alizijua habari za Shangazi Liberata.

Kiharusi kilimkuta mwishoni mwa baridi, amesimama jikoni, maana pengine angekuwa wapi. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na ulimi, kikabakiza neno moja tu: hapana. Daktari alisema ni jambo la kawaida, wagonjwa wengine hubakiwa na neno moja au mawili. Mjomba akasema basi ugonjwa huu una adabu, umemwachia lile alilolitumia zaidi. Na kwa neno hilo moja shangazi aliendelea kuitawala nyumba. Kulikuwa na hapana ya kufungua dirisha, hapana ya kumshukuru mtu, na ile fupi ya kumwambia mjomba avue viatu kabla hajakanyaga sakafu. Zote tulizielewa.

Shida ilikuwa chakula. Hospitalini hakula; tukasema ni chakula cha hospitali, nani angemlaumu. Akarudi nyumbani, hakula. Vijiko viwili vya maziwa yaliyolowekwa biskuti asubuhi, viwili jioni, basi, mdomo unafungwa. Magauni yakaanza kumning'inia kama yako bado kwenye kamba. Daktari akampima koo, akasema ni zima, kumeza anaweza. Hataki tu.

Marthese, mtoto wao wa pekee, binamu yangu, anafanya kazi benki, naye akafanya wanachofanya watu wa benki: akapata suluhisho kabla wengine hawajamaliza kulia. Alizungumza na masista wanaotunza wazee upande wa pili wa kisiwa. Wakakubali kumshikia mama yake kitanda mpaka sikukuu ya kijiji ipite. Akiwa ameanza kula, vizuri. Akiwa hajaanza, anakwenda, huko kuna wauguzi na mirija ya kulishia.

Upande wa pili wa kisiwa chetu ni mwendo wa kusikiliza nyimbo chache redioni. Lakini Mjomba Wistin alivyousema, "upande wa pili," ungedhani ni Australia.

"Atakula," akamwambia Marthese. "Nitampikia mwenyewe."

"Baba, wewe hujui hata kiberiti kinakaa wapi."

"Nimekula mkono wa mama yako maisha yangu yote. Hakuna ladha yake nisiyoijua."

Kwa hesabu hiyo mimi nimepanda ndege mara kadhaa, mnikabidhi usukani. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mtu aliyeacha diploma ya upishi katikati hana haki ya kumcheka anayeanza, na kwamba nikitaka kusaidia nimenye vitunguu. Nikamenya vitunguu.

Niseme kidogo juu ya mtu huyu, maana ukimwona barabarani utampita. Mjomba Wistin alikuwa mchomeleaji wa vyuma bandarini, pale wanapotengenezea meli, tangu akiwa kijana asiye na ndevu mpaka pale walipowapa wazee mkono wa kwaheri. Mikono yake ina madoa ya cheche mpaka kwenye viwiko. Jioni alipiga tarumbeta kubwa kuliko zote katika bendi ya kijiji, kwa nguvu nyingi kuliko ustadi, na siku za sikukuu alitembea nyuma kabisa ya wenzake ili sauti ile isimzibe mtu masikio. Hana maneno mengi. Kwetu mwanamume akinyamaza anapokula, hiyo ndiyo sifa kwa mpishi, na Mjomba Wistin alimsifu mkewe hivyo kila siku aliyojaliwa na Mungu: Jumatatu kwa supu ya mboga, Ijumaa kwa samaki, Jumapili kwa vitu vya tanuri, na sungura aliyelala usiku kucha ndani ya divai na vitunguu saumu kila walipopata kisingizio.

Sasa viazi vile vya kwanza. Vilirudi kutoka kwa Grezzju vyeusi juu na vibichi ndani, na sijui mtu anavipataje vyote viwili kwa mpigo mmoja. Tulimkalisha shangazi mbele ya meza, mahali pa heshima. Marthese akamfunga kitambaa shingoni. Mjomba akachukua sahani ya harusi, ile yenye ukingo wa dhahabu isiyotoka kabatini hata askofu akija, akamwekea yeye wa kwanza, kipande kilichoungua kidogo kuliko vyote. Kisha tukakaa, uma mkononi, hakuna aliyegusa chake, tunamtazama kama watu wanaotazama mkwaju wa penalti.

Shangazi akaitazama sahani. Akatutazama sisi. Akaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto mpaka ikafika mbele yangu.

"Hapana," akasema.

"Ana haki," nikasema. "Hata mimi ningesema hivyo."

Marthese akanipiga teke chini ya meza.

Lakini mjomba ni mchomeleaji, na mchomeleaji akiona mshono umeachia hautukani, anausugua na kuanza upya. Alianza upya kila siku. Ċetta alimfundisha shamari na maji. Bibi mwingine wa foleni akamwambia maji hapana, divai. Wa tatu akasema wote wawili wanadanganya, siri ni mafuta ya nguruwe. Walibishana mbele ya tanuri mpaka Grezzju akatishia kufunga mlango, na mjomba katikati, sinia mkononi, anageuza shingo huku na huku kama mtoto anayesikiliza wazazi wakigombana. Akaungua vidole. Akakata kimoja. Akapika tambi zikashikana zikawa kitu kimoja unachoweza kukiegemea. Polepole, hata hivyo, mkono ukaanza kumwelewa. Ikafika mahali nilikula kwake kwa hiari yangu.

Siku moja Ċetta aliingia akamkuta anakoroga supu ya koliflawa na njegere, anatumbukiza mayai na vijibini vidogo juu.

"Nini hiyo?"

"Supu. Liberata aliipenda kuipika."

"Wistin. Hiyo inaitwa supu ya mjane."

"Najua jina lake."

"Sasa unamlisha mkeo supu ya mjane, wewe ukiwa umesimama hapo hapo mzima? Unamuaga au unamtisha?"

Shangazi, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alitikisika mabega. Alikuwa anacheka. Mjomba akaona ni wakati mwafaka, akakimbiza bakuli mezani, akachota kijiko, akampulizia, akamfikishia mdomoni. Kicheko kikazima. Mdomo ukafungwa.

"Hapana." Hii ilikuwa ya upole, ya kumwonea huruma.

Supu ile tukainywa mimi na Ċetta. Ilikuwa nzuri. Ndiyo sababu hatukusemezana.

Sikukuu ilipokaribia, wanaume wakaanza kutundika bendera mitaani, na Marthese akaja na begi dogo jipya la safari. Hakulificha. Aliliweka sebuleni, karibu na mlango.

"La nini hili?" mjomba akauliza.

"Unajua la nini."

"Bado siku zipo."

"Baba, mtazame. Nimembeba jana kumtoa bafuni. Mimi, kwa mkono mmoja. Unataka siku ngapi tena?"

"Mpe muda."

"Si mimi ninayempa muda. Wewe unadhani nafurahi? Unadhani nataka mama yangu akaamkie ukuta asioujua? Unapika vizuri sasa, baba. Kila mtu anasema. Sio upishi wako. Hataki tu kula kwetu."

Mjomba akachukua begi akalihamishia nyuma ya mlango, mahali ambapo shangazi asingeliona akikaa kwenye kiti chake. Hilo tu ndilo alilojibu.

Aliyeleta habari ya kwenda kula nje ni Toninu, rafiki yake wa bandarini, mzee mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na nyundo. Alisema kama Liberata anaondoka, basi asiondoke bila kwenda kula sungura kijijini Mġarr na watu wake kama walivyokuwa wakienda zamani, wanaume wa bandarini na wake zao, meza ndefu, kelele. Marthese akasema mama yake ni mgonjwa, si bendi ya kutembezwa. Toninu akasema, "Binti yangu, huko kwa masista atapata utulivu mpaka auchoke. Mpe kelele kidogo kwanza." Nadhani ndicho kilichomshinda Marthese. Akaendesha gari yeye mwenyewe.

Mġarr siku ya Jumapili mchana huwezi kujisikia ukifikiri. Meza zimebanana, watoto wanapita chini yake, kila familia inaongea na familia ya pili kwa kupiga kelele juu ya kichwa cha ya tatu. Tulipata meza karibu na ukuta. Shangazi tukamweka mbele, kitambaa shingoni, mto mgongoni. Zikaja kwanza tambi za mchuzi wa sungura, tukampa yeye wa kwanza. Hapana. Akaja sungura mwenyewe, amekaangwa kwa kitunguu saumu na divai, ndani ya kikaango kipana chenye mikono miwili, mchuzi unatoa povu pembeni, kichwa kimelala juu na meno yake yote.

"Kichwa kipo," Toninu akatangaza. "Sio paka. Tunaweza kula."

"Nimewahi kuona paka mwenye meno kama hayo," nikasema.

"Nimewahi kumwona mama mkwe wako mtarajiwa mwenye meno kama hayo. Kula, nyamaza."

Mjomba alikuwa hasikii. Alikuwa amechagua paja, amelitoa mfupa, amelikatakata vipande vya ukubwa wa punje, amevipanga kwenye sahani ya mkewe.

"Kidogo tu, Liba. Kwa ajili yangu."

Shangazi akageuza uso.

"Mama, jamani, mara moja tu," Marthese akasema.

"Liberata, mbele ya watu wote hawa unawaaibisha wapishi," Toninu akasema.

"Mwacheni apumue," nikasema. "Mmemzunguka kama waandishi wa habari."

Mjomba akaweka uma chini. Nilimwona namna alivyouweka, taratibu, kama mtu anayerudisha kifaa cha kazi siku ya mwisho. Akasema, "Basi. Kuleni. Chakula kitapoa." Na kwa kuwa alishakata tamaa, na kwa kuwa hakuna kitu kinachomaliza huzuni ya watu wa kwetu kama sungura wa moto, tukala. Toninu akaanza kumtania mjomba juu ya tarumbeta yake, jinsi ilivyomshtua farasi kwenye maandamano fulani. Mjomba akakana, akasema farasi yule alikuwa na kichaa tangu kuzaliwa. Marthese akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mifupa ikarundikana. Tukamsahau shangazi. Ni jambo baya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mhudumu akaja kuondoa vyombo. Akachukua sahani, akachukua bakuli la mifupa, akanyoosha mkono kuchukua kikaango.

"Hapana."

Hiyo hatukuwa tumewahi kuisikia. Ilikuwa hapana ya mwenye nyumba. Shangazi alikuwa amekishika kikaango kwa mkono wa kushoto, ameng'ang'ania. Mhudumu akakiachia. Shangazi akakivuta mpaka kifuani, akapapasa kikapu cha mkate, akachagua ganda gumu la pembeni, lile ambalo hakuna anayelitaka, akalisugua ndani ya kikaango pale mchuzi ulipogandia, akalizungusha, akalitia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akasugua tena.

Toninu akafungua mdomo. Mjomba akamkanyaga.

"Usimtazame," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama pengine. Wote. Ongeeni."

"Tuongee nini?"

"Chochote. Farasi."

Basi tukaongea habari za farasi. Meza nzima ya watu wazima, macho darini, wanamzungumzia farasi aliyekufa zamani, huku sauti ya ganda la mkate inakwaruza kikaango. Alikifuta mpaka chuma kikang'aa. Alifuta na kile kipande cha ini kilichokuwa kimenata pembeni. Alipomaliza akajifuta kidole kimoja kimoja kwenye kitambaa cha shingoni, akakaa.

Tulirudi, tukafika karibu na nyumbani. Shangazi alikuwa amesinzia kiti cha mbele, kidevuni ana mchuzi. Mimi na mjomba tuko nyuma.

"Marthese," mjomba akasema. "Mama yako alikuwa anakula saa ngapi?"

"Pamoja na sisi. Sahani yake si ilikuwepo."

"Sahani ilikuwepo. Yeye alikuwa wapi?"

Sote tulianza kumtafuta kumbukumbuni. Kiti chake kilikuwa kile cha karibu na mlango wa jikoni, na kila nilipomkumbuka alikuwa anakiacha: anakwenda kuleta chumvi, anarudi, anakwenda kuongeza mchuzi, anarudi, kahawa, visu, tunda, "endeleeni, endeleeni." Sahani yake kila mara ilirudi jikoni ikiwa safi, maana alikuwa ametugawia sisi.

"Alikuwa anakula baadaye," mjomba akasema. "Jikoni. Amesimama. Kinachobaki kwenye sufuria." Akakitazama kiti cha mbele. "Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakaa na gazeti langu nasikia anakwaruza, nafikiri anaosha vyombo."

"Siku ya harusi je?" nikauliza.

"Siku ya harusi alikuwa anawagawia watu keki." Akajishika paji la uso. "Nimeishi na mtu huyu umri mzima. Sijawahi kumwona akitafuna."

Marthese aliegesha gari mbele ya nyumba, akazima injini, hakushuka. Akanitazama kwenye kioo.

"Na mimi?" akaniuliza. "Ukija kula kwangu, mimi huwa nakula wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Kwa mara moja katika maisha yangu, nikalimeza.

Kesho yake mjomba alipika sungura. Tukala mezani, mimi na yeye, kwa kelele za makusudi, tunagonganisha uma kama wapiganaji. Kisha akamwongoza shangazi jikoni. Kusimama alikuwa hawezi tena, kwa hiyo alimwekea kiti kirefu cha baa alichokiomba kwa rafiki yake, akamsogeza mpaka kiwiko kikagusa jiko. Akaweka sufuria mbele yake, mkate upande wa kushoto, akatoka bila kusema neno. Tukajibanza nyuma ya mlango. Kimya. Kimya tena. Halafu mkwaruzo.

Mjomba akashika mkono wangu akaubana mpaka nikadhani ameuchomelea.

Usidhani mambo yalikwisha hapo. Ganda la mkate na mchuzi havinenepeshi mtu. Mjomba akaanza kuacha nyama chini ya sufuria, ameifukia kwenye mchuzi. Alipoingia baadaye, sufuria ilikuwa safi, na juu ya mfuniko vipande vyote vya nyama vimepangwa kwa mstari, vimefunikwa sahani ndogo ili visikauke.

"Kaniwekea," mjomba akasema. Alikitazama kifuniko kile muda mrefu. "Hawezi hata kujifunga kifungo, na bado ananiwekea."

Marthese alipoambiwa, alisema mchezo huu si wa haki. Mtu amekula mabaki ya watu maisha yake yote, sasa amezeeka na bado tunampa mabaki. Akitaka kumpenda, baba amfundishe kukaa mezani kama mtu.

"Nimfundishe lini?" mjomba akajibu. "Kitanda kinamngoja. Mwache ashibe kwanza, nitamfundisha akishiba."

"Na asipofundishika?"

"Basi nitakuwa nimejifunza mimi."

Akarudi jikoni. Hapo ndipo nilipomwona fundi wa bandarini ndani ya mtu yule. Alichukua sungura aliyeiva, akamtoa mifupa, akamponda kwa mwiko, akamkoroga na nyanya na divai kwa moto mdogo, akaponda tena, mpaka nyama ikakosa umbo lolote linaloweza kupangwa kwenye mfuniko na kuwekewa mtu. Ilikuwa imekuwa mchuzi. Akafanya hivyo kwa kuku, kwa nguruwe, kwa samaki. Ċetta akachungulia sufuria akauliza kama hii ni sosi au saruji. Mjomba akamwambia ukuta alionao unahitaji saruji. Alikuwa anachota kidogo tu kwa ajili yetu, nusu ya sahani, na sisi tukijifanya tumeshiba, mimi nikijipiga tumbo kwa njaa kali. Kilichobaki chini ya sufuria kingeshibisha waogeleaji wawili.

Shangazi si mjinga. Nadhani alijua tangu siku ya pili. Kuna mchana mmoja nilimfumania amechovya ganda, amelishikilia hewani, anautazama mchuzi uliojaa nyama, kisha anautazama mlango tuliojificha nyuma yake. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akala.

Daktari alikuja wiki ya sikukuu, fataki zimeshaanza mchana kutwa, akampandisha shangazi kwenye mizani akiwa amemshika kiuno. Akavaa miwani. Akasema mizani hii ni mbovu au mnamlisha nini. Marthese akamwomba ampime tena. Akampima tena. Marthese akatoka nje uani akakaa huko mpaka fataki za saa ile zikaisha, na alipoingia macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Jumapili ya sikukuu yenyewe tulikuwa wengi: Marthese na mumewe na watoto wao, Toninu, Ċetta ambaye alikaribishwa kwa sababu angekuja hata hivyo. Kulikuwa na timpana, ile makaroni iliyofungwa ndani ya ganda la unga, iliyookwa kwa Grezzju, na mjomba aliikata mwenyewe akiwa na aproni ya mkewe yenye maua. Alimgawia kila mtu. Wa mwisho alijigawia yeye. Kwenye sinia alibakiza pembe moja, ile iliyoungua kidogo na kushika chini, na chini ya ile pembe alikuwa ameficha nusu nzima ya timpana. Tulipokwisha kula akaibeba jikoni, akamkalisha mkewe kwenye kiti kirefu, akatoka.

Marthese alikuwa amesimama kwenye korido na simu sikioni. Tulimsikia akisema ndiyo, sista. Akasema asante sana. Akasema hapana, sista, tumeamua. Akarudi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Wameniuliza kama wamshikie kitanda kwa mwezi mwingine, kwa tahadhari."

"Ukawaambiaje?" mjomba akauliza.

"Nikawaambia wampe mwingine."

Toninu akavuta pumzi ya kupiga ukelele, na mjomba akainua kiganja kumzuia. Alinong'ona kwamba Liberata akisikia anashangiliwa ataacha. Akavuta kiti chake, akakigeuza, akakaa mgongo akiuelekeza mlango wa jikoni. Marthese akageuza cha kwake. Tukageuza vyote, mmoja baada ya mwingine, watoto pia, tukakaa tukitazama ukuta mweupe wa sebule kama watu waliokwenda sinema, mikono mapajani, tukisikiliza uma unavyokwaruza sinia.